Ruta ya mtumba, sinia za mahamri na alama moja iliyogombaniwa

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoikimbilia. Ruta yenyewe, kile kisanduku cha kugawa intaneti nyumbani, ya mtumba, shilingi 3,200. Kuiwekea programu ya OpenWrt na kuipanga, 1,500. Jumla 4,700, na ya chai ya fundi nilitoa mwenyewe kwa moyo. Huu mwezi wa nne naitumia hapa nyumbani Kibokoni, Mombasa, ghorofa ya tatu, kwenye laini inayouzwa kwa jina la megabiti 20 kushusha na 10 kupandisha. Kabla yake nilishapandisha kifurushi mara mbili, na ugonjwa haukusogea hata unyayo.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili kwa video. Nina watoto watatu wa Toronto ambao wazazi wao ni watu wa papa hapa Majengo, na nina bibi mmoja mstaafu wa Leeds ambaye kila Jumatatu saa mbili usiku hunikuta nimeshajitanda mtandio, kikombe cha chai ya tangawizi kando. Chumba cha nyuma anakaa mpwa wangu, mpiga video za harusi. Harusi ni za wikendi, kwa hiyo kazi za kuwatumia wenyewe huiva Jumatatu. Basi mimi nimo kwenye ngeli ya ki-vi, yeye kule nyuma amebofya, gigabaiti kumi na mbili za kupamba bibi harusi zinaanza kupanda, na uso wangu kule Leeds unaganda mdomo wazi. "Kisu," nasema. Kimya. "Visu." Kimya. Baada ya sekunde nne tano bibi wa watu anajibu "kisu", akidhani ndiyo kwanza nimelitamka, na kuanzia hapo tunapishana kama watu wanaosalimiana kutoka madau mawili.

Nilimpigia aliyeniuzia laini. Simtaji. Jibu lake halibadiliki kama adhana: "Mama, ongeza kifurushi." Nikaongeza. Mpwa wangu akafurahi, maana video zake zilimaliza kupanda mapema. Mimi nikaganda vilevile, ila kwa muda mfupi kidogo.

Kinachokera zaidi ni kwamba sisi tunaishi mlangoni. Waya wa intaneti wa chini ya bahari uitwao TEAMS ulitoka Fujairah ukatua hapa Mombasa 2009, SEACOM mwaka uleule, EASSy mwaka uliofuata, na nyingine zimekuja baada ya hizo. Sehemu kubwa ya intaneti ya watu wa bara hupita kwetu kwanza. Nami nimekaa hapo hapo penye mlango, na neno "kisu" halifiki Leeds.

Duka lipo Mwembe Tayari, juu ghorofani, ukishampita mshona suruali na kabla hujamfikia anayebadilisha vioo vya simu. Halina bango. Lina kabati moja la kioo lililojaa ruta zilizovuliwa maganda, na kijana mwenye kofia ya vito ambaye hakunyanyua kichwa mpaka amalize kulehemu. Nikamweleza shida yangu, nikamwambia nataka ruta yenye nguvu zaidi. Badala ya kuniuzia ya bei kubwa iliyokuwa kabatini, akanipa kazi ya nyumbani, mimi mwalimu! "Nenda ukapime pingi, yaani ujumbe mdogo unachukua muda gani kwenda na kurudi, mara mbili, mwalimu. Mara ya kwanza kijana akiwa hapandishi kitu. Mara ya pili akiwa anapandisha."

Nilirudi Alhamisi na karatasi. Laini ikiwa tupu: milisekunde 38. Mpwa akipandisha: 1,450. Akaitazama, akanirudishia. "Huna shida ya mwendo. Una shida ya foleni. Hapa hata ukinunua megabiti mia, kijana atazila zote mia."

Alivyonieleza ni hivi, nami nitawaeleza kwa njia yangu. Kila unachotuma hukatwa vipande vidogo, pakiti, na kila kifaa ambacho pakiti zinapitia kina bafa, mahali pa kungojea zamu. Anayetuma hajui upana wa njia, kwa hiyo huongeza mwendo, huongeza, mpaka pakiti moja ipotee; kupotea huko ndiko habari pekee anayoipata kwamba amezidisha. Sasa kumbukumbu za kompyuta zilipokuwa rahisi, watengenezaji wakaweka bafa kubwa kubwa ili pakiti zisipotee. Nia njema. Ila pakiti isipopotea habari haifiki, na habari isipofika anayetuma anazidi kumimina, na foleni inajaa mpaka ndani ya ruta yenyewe pana sekunde nzima na zaidi ya kungoja. Pakiti ya sauti yangu, ndogo, yenye haraka, inasimama nyuma ya harusi nzima. Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, aligongana na jambo hilo nyumbani kwake, miaka ya 2010 hivi, akipandisha mafaili makubwa kama mpwa wangu, akalipa jina la kuvimba kwa bafa. Sisi neno tunalo tayari, na zuri zaidi: foleni imeumuka.

Neno hilo halikunijia bure. Mama yangu alikuwa akiuza mahamri. Kila alfajiri yeye alikuwa jikoni ndani akisukuma na kukata, dada yangu uani mbele ya karai, na mimi, kitinda mimba, barazani na meza, sufuria ya mbaazi na mkebe wa chenji. Mama alipokaa hakuwa akiliona karai. Alikuwa na mkono mwepesi, na kadiri sinia zilivyochukuliwa ndivyo alivyozidi kukata. Karai nalo lina upana wake; mahamri saba, nane, basi. Sinia zikaanza kujipanga pale uani, moja juu ya kigoda, mbili sakafuni, na hamri bichi kwenye joto la Mombasa halikai kimya: linaumuka, linashikana na mwenziwe, linachacha, na ukilitia mafutani linayanywa. Mteja wa saa kumi na mbili na robo anakula hamri lililokatwa saa kumi na moja.

Dada alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuyatupa yaliyochacha. Mama akiyakuta kwenye ndoo ndipo anapotambua kwamba amezidisha, lakini unga umeshapotea na inabidi ukandwe mwingine. Hiyo ndiyo intaneti ya kawaida: pakiti imetupwa, mtumaji ameng'amua, amepunguza mwendo, anaituma upya. Njia ya pili aliibuni dada mwenyewe. Kumwambia mama "punguza" hakuthubutu, angeitwa mvivu. Kwa hiyo sinia zikifika tatu alikuwa akilichoma hamri moja kwa uma, matundu manne juu, kisha analikaanga kama kawaida. Likifika mezani kwangu nikiyaona matundu, nachukua sinia tupu naingia nayo ndani: "Mama, pole pole." Hamri lile lile tunaliuza. Hakikupotea kitu, na kitinda mimba hagombwi.

Fundi aliposikia hadithi hiyo aliweka chini bisibisi akacheka. "Mwalimu, dada yako alikuwa na ECN kabla ya sisi." ECN ni taarifa ya wazi ya msongamano, kiwango cha intaneti kilichochapishwa Septemba 2001 kwa jina la RFC 3168, na walioandika ni K. K. Ramakrishnan, Sally Floyd na David Black. Kila pakiti ina kichwa cha habari, kama bahasha, na kwenye bahasha hiyo zimetengwa biti mbili tu kwa kazi hii, yaani nafasi mbili za kuandika sifuri au moja. Biti mbili zinatoa alama nne. Sifuri mbili maana yake ni kwamba mtumaji huyu haelewi matundu. Ukizidiwa, mtupie pakiti yake. Moja mbili maana yake ni uma umepita, kuna msongamano. Anayepokea akiliona tundu humrudishia mtumaji habari, naye hupunguza kana kwamba pakiti imepotea, bila pakiti kupotea. Zimebaki alama mbili katikati, na zote mbili kwa wakati ule zilimaanisha kitu kimoja: "mimi naelewa matundu." Ishikeni hiyo ya pili, ile ya akiba, maana ugomvi wote ninaotaka kuwahadithia unaihusu hiyo.

Mtauliza kwa nini karai lisimpigie mama kelele moja kwa moja. Walijaribu. Palikuwa na ujumbe ulioitwa Source Quench, ruta iliyozidiwa ikimwandikia mtumaji imwambie apunguze. Haukufanya kazi vizuri, ulikuwa unaongeza barua kwenye njia ambayo tayari imejaa, na 2012 ukastaafishwa rasmi. Dada alijua anachokifanya.

Na si mzaha kupunguza mwendo. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, majengo yaliyotengana kama mita 360 tu, mwendo wa mtandao ulianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde mpaka biti 40. Kila mtumaji alikuwa akizidi kusukuma, na kila kilichopotea akikituma upya, juu ya vilivyojaa. Van Jacobson ndiye aliyewafundisha watumaji adabu ya kupunguza, karatasi yake ikatoka 1988, na mpaka leo simu yako mkononi inatii adabu hiyo.

Sasa ruta. Ndani yake fundi ameweka OpenWrt, programu ya bure iliyoanza 2004, na ndani ya OpenWrt ameiwasha kazi iitwayo CAKE, ambayo imo ndani ya Linux, mfumo uliobeba hiyo OpenWrt, tangu toleo la 4.19 la 2018. Ndiyo, wameipa jina la keki. Wangepita kwetu ingeitwa hamri. Inafanya mambo mawili. Kwanza inatenganisha: kila mazungumzo yana foleni yake, na kila mtu ndani ya nyumba ana haki yake, kwa hiyo sauti yangu haisimami tena nyuma ya harusi. Pili inatazama pakiti imengoja kwa muda gani, wala haihesabu zipo ngapi, na kungoja kukizidi milisekunde chache kwa muda, inachoma kwa uma; na kama mtumaji haelewi matundu, inatupa. Hilo la kupima muda walilianzisha Kathleen Nichols na huyo huyo Van Jacobson, 2012.

Ili ifanye kazi lazima foleni iwe kwako, isiwe kwenye kisanduku cha kampuni. Fundi alipima laini yangu kwa kupandisha akapata megabiti 9.4, akaifunga ruta kwenye 8.5. Mpwa alipoona akasema, "Khalati, umeniibia megabiti." Nimekuibia, ndiyo. Hiyo ndiyo ada.

Jumatatu ya kwanza fundi alikuja mwenyewe na kompyuta yake kuhakikisha. Mpwa akabofya. Fundi akaandika amri moja, kioo kikajaa namba, akanionyesha safu mbili kwa kidole: hii ya alama, hii ya zilizotupwa. Mwanzoni ya zilizotupwa ndiyo iliyokuwa inapanda, taratibu, mbili, tano, kumi na moja, na ya alama ilikuwa sifuri tupu. Akakuna kichwa. Kumbe kompyuta ya mpwa inayo ECN lakini ilikuwa imezimwa tangu kiwandani, kama zilivyo nyingi za Windows. Akaiwasha kwa mstari mmoja, mpwa akaanza upya. Hapo ya zilizotupwa ikasimama. Ya alama ikaanza: nne, tisa, kumi na saba. Nilitazama namba zile kama ninavyotazama mtoto akisoma ukurasa wa kwanza bila kusaidiwa. Kila moja ilikuwa hamri lenye matundu linapita, halijatupwa, na kule mwisho wa njia mtu anaingia jikoni na sinia tupu. Pingi ikawa 45.

Niseme ukweli ili nisimpambe mtu: sehemu kubwa ya nafuu yangu imetokana na ule utenganishaji wa foleni. Alama ni nyongeza. Hata zilipokuwa zinatupwa, sauti yangu ilikuwa safi. Alama zimemfaa zaidi mpwa, ambaye hatumi kitu mara mbili.

Kasoro zipo, na ya kwanza si ya ruta. Kuanzia saa tatu usiku mtaa wote ukiwa kwenye simu, foleni inahamia kwa kampuni, kwenye mnara au kabati lao, na huko ruta yangu haina uma. Pingi hupanda mpaka 300, 400, na keki yangu hukaa kitako kama mimi. Nimewauliza kama vifaa vyao vinatia alama. Kijana wa simu akaniambia nizime ruta niwashe tena.

Hapo ndipo nilipoanza kujali mambo ya viwango, mimi mwalimu wa ngeli. Maana jikoni kwangu naweza kupanga, lakini kati ya Kibokoni na Leeds kuna makarai mangapi? Alama ikiwa na maana moja kwa mwenye karai wa kwanza na nyingine kwa wa pili, anayekaa mezani atamwambia mama nini?

Fundi akanihadithia ugomvi. ECN ya 2001 ina neno moja tu, na ni neno kali: punguza, kwa kanuni ya zamani, nusu. Nami nakumbuka. Nilipoingia jikoni na "pole pole" yangu, mama alikuwa akisimama kabisa, anakunywa chai, na uani karai linabaki tupu, mafuta yanaungua. Kisha anaanza tena kwa kasi. Hakuwa akijua pole pole kiasi gani. Wahandisi wakataka alama laini zaidi, na kwenye bahasha pamebaki ile moja tu ya akiba. Wakatokea wenye mapendekezo mawili, kila mmoja akiitaka.

Pendekezo la kwanza ni SCE, yaani kuna msongamano kiasi, rasimu ya 2019 ya Jonathan Morton na Dave Täht. Morton ndiye mwandishi mkuu wa hiyo keki iliyomo kwenye ruta yangu. Wao walisema alama ya akiba iandikwe na karai: tundu moja, maana yake kunaanza kujaa, punguza kidogo. Matundu manne yabaki na ukali wake wa zamani. Asiyelijua tundu moja atalila hamri bila kushtuka, hakuna kinachovunjika.

Pendekezo la pili ni L4S, la kina Koen De Schepper na Bob Briscoe. Wao walisema alama ya akiba aiandike mtumaji, kabla hajatuma: "mimi ni wa aina mpya, nipeni karai langu dogo la pembeni." Huko pembeni uma unachoma mara nyingi, na kila mara maana yake ni punguza kidogo tu. Foleni inabaki fupi mno, kama milisekunde moja.

Mmoja anataka alama itoke kwa karai, mwingine anataka itoke kwa mama. Haziwezi kukaa pamoja, maana alama ni moja.

Wa SCE wakawaambia wa L4S: mtumaji wenu akikutana na karai la zamani lenye foleni moja, uma wake unamaanisha nusu, lakini yeye atauelewa kama kidogo tu, atawasukuma wenziwe pembeni ale peke yake. Wa L4S wakajibu: na nyinyi, kwenye foleni ya pamoja, anayetii tundu moja atakuwa anapunguza wakati jirani yake anangoja mpaka manne, mwenye adabu ndiye atakayekufa njaa, labda kila ruta iwe inatenganisha foleni kama keki yenu. Yote mawili kweli. Hilo la pili mtu wa Mombasa halihitaji maelezo. Aliyewahi kuungoja ubao wa feri Likoni kwa upole anajua alivuka saa ngapi.

Huko kwa wahandisi wa IETF, jumuiya inayotunga viwango vya intaneti, hakuna kura. Husikiliza hoja, na wakiwa chumbani pamoja huguna, midomo imefungwa, mwenyekiti akapima mvumo upande upi mzito. Rasimu yeyote anaweza kupeleka, hata wewe hapo Tononoka, na kama haikuhuishwa hufa baada ya miezi sita. Mwaka 2020 kikundi kilichohusika kikaamua alama ya akiba iwe ya mtumaji. Januari 2023 L4S ikachapishwa, RFC 9330, 9331 na 9332, ile ya alama ikiwa katika daraja la majaribio. Rasimu ya SCE ikaachwa. Apple wameshaiingiza L4S kwenye iOS 17, na Marekani kampuni ya Comcast ilianza kuitoa kwa wateja 2025. Ndoa imeshafungwa.

Mimi, kama mtu wa mezani, moyo wangu ulikuwa kwa tundu moja. Anayeziona sinia ni dada, si mama. Mama kuandika kwenye sinia "mimi ni mwepesi wa kutii" ni ahadi yake juu ya nafsi yake, na mama yangu, Mungu amrehemu, angeiandika kila siku. Tena nchi zetu ndizo zinazotumia ruta za mtumba, vifaa vilivyopangwa na mtu asiyejulikana. Majaribio yanayodhani makarai ya zamani yatabadilishwa yanadhani mambo ambayo kabati la fundi wa Mwembe Tayari linayakanusha. Fundi hakukubaliana nami. Yeye anaona heri kiwango kimoja kinachotumika na Apple kuliko kizuri kinachokaa kwenye rasimu, na kwamba pengine sasa hata kampuni zetu zitalazimika kununua vifaa vyenye uma. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa, ile tungu ya mzee wa dele pale chini.

Kwa ruta hii, tofauti hiyo haitakudhuru. Ikipita pakiti ya L4S, keki inaichukulia kama yoyote anayeelewa matundu na kuichoma kwa maana ya zamani. Asipopunguza ipasavyo, foleni inayoumuka ni yake mwenyewe, si yangu.

Dave Täht alifariki Aprili 2025. Miaka na miaka alihangaika na ruta za watu wa kawaida, za majumbani, za bei nafuu, na kazi hiyo ndiyo ninayoilipia shilingi sifuri kila Jumatatu. Nimeona nimtaje.

Kasoro nyingine haraka haraka. Laini inayoyumba, kama za simu, namba ya kufungia haitulii, kwa hiyo mwenye modemu ya simu asitarajie niliyoyapata mimi. Ubongo wa ruta hii ni mdogo; fundi mwenyewe ameniambia nikifika megabiti mia itahema. Usijaribu kuiweka OpenWrt peke yako kama hujawahi, ukikosea toleo unabaki na pambo la mezani. Chumvi ya bahari nayo inaila soketi ya umeme, pangusa. Dhamana ya dukani ni mwezi mmoja, imeandikwa kwa mkono nyuma ya karatasi ya daftari. Duka linafungwa adhuhuri na alasiri kwa swala, na Ijumaa usiende kabisa kabla ya saa tisa. Nenda na adapta yako mwenyewe.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya saa tatu usiku, najua namwonea.

Jumatatu iliyopita mpwa alikuwa na harusi ya siku tatu, kuanzia kesha la hina, na kioo chake kilionyesha saa tano zimebaki. Bibi wa Leeds amefika ngeli ya u-zi. Nikaanza, "Wingi wa ukuta ni..." na kabla sijafika mwisho akanidakia: "Kuta! Siyo mikuta!" Hajawahi kunikatiza maneno tangu tuanze.